Ihoji Seva Kabla ya Kuizima

Simu inalia: "Mfumo hauingii." Kwa wengi wetu jibu la kwanza liko vidoleni, zima na uwashe. Na mara nyingi dawa hiyo inakubali. Mfumo unarudi, bosi anashukuru, kazi inaendelea. Ubaya wake ni kwamba inafuta ushahidi. Mchakato uliokuwa umekwama haupo tena, programu iliyokuwa inakula RAM imeanza upya na njaa kidogo, na ujumbe wa kerneli uliokuwa ukisomeka kwa `dmesg` umefutika. Tatizo lilelile litarudi, pengine usiku wa kufunga hesabu za mwezi, nawe hutakuwa na pa kuanzia.

Makala haya yanahusu seva ya kawaida: Linux ya Ubuntu au Debian, Nginx mbele, programu ya PHP, Python au Node.js nyuma yake, na hifadhidata ya MySQL au PostgreSQL. Ndio mpangilio unaobeba mifumo mingi ya maduka, shule na vyama vya akiba na mikopo. Matatizo yake ya kila siku si mengi, na karibu yote huacha maneno mahali fulani. Kazi ya fundi ni kujua mahali hapo na kusoma kabla ya kugusa.

Ni seva au ni njia?

Hakikisha kwanza kwamba tatizo ni la seva. Zima Wi-Fi kwenye simu yako, ufungue tovuti kwa data ya simu. Ikifunguka, tafuta tatizo kwenye mtandao wa ofisi. Isipofunguka, mwombe mtu aliye nchi nyingine ajaribu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko katika ukanda huu. Seva zilizokuwa Ulaya zilikuwa nzima kabisa. Kuzizima na kuziwasha siku hiyo kulikuwa kujichosha bure.

Halafu uliza jina la tovuti linaelekea wapi, kwa `dig +short` na jina lenyewe. Usipopata jibu, au ukipata anwani ya seva ya zamani, shida iko kwenye DNS au kikoa hakijalipiwa ada ya mwaka. Hili la ada ni la aibu lakini hutokea, hasa pale kikoa kilipoandikishwa kwa barua pepe ya mfanyakazi aliyekwishaacha kazi.

Anwani ikiwa sahihi, piga `curl -I` kwenye tovuti na usome namba inayorudi. Namba hizo zinasema mengi kuliko maelezo ya mteja:

- 502: Nginx iko hai, ila programu iliyo nyuma yake imekufa au haipokei.
- 504: programu inapokea lakini imechelewa kujibu. Mara nyingi inaisubiri hifadhidata.
- 500: programu imeanguka ndani kwa ndani. Soma logi ya programu yenyewe.
- 403: mara nyingi ni ruhusa za mafaili, au mipangilio inayomkatalia mgeni.

Usipopata namba yoyote, tofautisha majibu mawili. `Connection refused` maana yake mashine inafikika, ila kwa kawaida hakuna huduma inayosikiliza kwenye poti hiyo. `Connection timed out` maana yake pakiti zinakwenda bila kujibiwa, kwa hiyo fikiria ukuta wa moto au mashine iliyozimika.

Amri tano kabla ya yote

Ukishaingia kwenye seva, piga amri hizi tano kabla ya kubadili chochote:

1. `uptime` inakuonyesha mzigo wa dakika 1, 5 na 15 zilizopita. Linganisha na idadi ya viini vya prosesa unayoipata kwa `nproc`. Mzigo wa 4 kwenye viini 8 ni wa kawaida. Kwenye kiini 1 ni foleni. `uptime` pia inakuambia kama seva ilijizima na kujiwasha bila wewe kujua.
2. `df -h` inaonyesha nafasi ya diski.
3. `free -h` inaonyesha RAM. Soma safu ya `available`, usibabaishwe na ile ya `free`. Linux hutumia RAM iliyo wazi kuhifadhi data ya diski kwa muda, na huiachia programu zinapoihitaji.
4. `systemctl --failed` inaorodhesha huduma zilizoanguka.
5. `journalctl -p err --since "1 hour ago"` inaleta makosa ya saa moja iliyopita.

Majibu yote yatupie kwenye faili moja, kila amri ikimaliziwa na `>> ~/tukio.txt`. Hapo hata ukilazimika kuzima na kuwasha kwa sababu wateja wanasubiri, unao ushahidi wa kurudia jioni.

Hakikisha pia kwamba saraka ya `/var/log/journal` ipo. Kwa mpangilio wa kawaida wa systemd, saraka hiyo isipokuwepo, logi za journald hukaa kwenye `/run`, yaani ndani ya RAM, na hufutika seva inapozimwa.

Diski iliyojaa

Huyu ndiye mkosaji wa mara kwa mara, na dalili zake hudanganya. Watumiaji wanashindwa kuingia kwa sababu programu haiwezi kuandika faili la kikao. Hifadhidata inagoma. Barua pepe hazitoki. Neno "diski" hulioni popote mpaka ufungue logi na kukuta `No space left on device`.

Mtafute mlaji kwa `du -xh --max-depth=1 / | sort -h`. Saraka kubwa kuliko zote itakaa mwishoni mwa orodha, juu ya mstari wa jumla ya `/`. Ingia ndani yake, rudia, shuka tena. Aghalabu utaishia kwenye `/var`: logi za Nginx, logi za programu au `/var/lib/docker`. Docker, usipoiwekea mpaka, huandika logi za kila kontena kwenye faili la JSON lisilo na ukomo. Weka `max-size` na `max-file` kwenye mipangilio yake. Logi za journald zipunguze kwa `journalctl --vacuum-size=200M`.

Kuna mitego mitatu hapa.

Wa kwanza: umefuta faili la logi la GB 20 kwa `rm`, lakini `df` bado inasema diski imejaa, wakati `du` hailioni faili hilo. Programu iliyokuwa ikiandika bado imelishikilia, na Linux haiachii nafasi mpaka programu hiyo ililegeze. Amri ya `lsof +L1` itakutajia mafaili yaliyofutwa ambayo bado yameshikwa, na nani ameyashika. Anzisha upya huduma hiyo moja tu, nafasi itarudi. Siku nyingine usifute logi inayoandikwa. Imwage kwa `truncate -s 0` na jina la faili.

Wa pili: `df -h` inaonyesha nafasi tele, lakini bado huwezi kuandika hata faili dogo. Piga `df -i`. Kila faili linahitaji inodi yake, na kwenye ext4 idadi ya inodi hupangwa siku diski inapoumbizwa. Mamilioni ya mafaili madogo ya vikao vya PHP, au foleni ya barua zilizokwama, humaliza inodi kabla GB hazijaisha. Tiba ni kuyaondoa mafaili hayo na kurekebisha kinachoyazalisha.

Wa tatu ndio wa hatari: kufuta kinachofanana na logi lakini si logi ya kusoma. PostgreSQL ilikuwa na saraka iitwayo `pg_xlog`. Watu walikuwa wakiifuta kupata nafasi, na hifadhidata zao zikaharibika. Katika toleo la 10 la mwaka 2017 ikabadilishwa jina kuwa `pg_wal`, na moja ya sababu ilikuwa hiyo. MySQL 8.0 nayo huandika logi za binari bila kuombwa na huzitunza siku 30. Ziondoe kwa amri yake ya `PURGE BINARY LOGS`, kamwe usitumie `rm`. Kanuni ni fupi: ndani ya saraka ya hifadhidata, usifute kitu kwa mkono.

Aliyeuawa si lazima awe mkosaji

MySQL inakufa kila baada ya siku chache bila kosa lolote kwenye logi yake. Unaiwasha, inarudi, inakufa tena. Piga `journalctl -k | grep -i "out of memory"`. Ukikuta mstari unaosema mchakato umeuawa, umepata jibu: RAM iliisha, na kerneli ikachagua wa kumtoa. Kwa kawaida humchagua mwenye kula RAM nyingi, na kwenye seva ndogo huyo ndiye MySQL. Lakini aliyeimaliza anaweza kuwa mwingine.

Fanya hesabu. Tuseme PHP-FPM imeruhusiwa michakato 50 kwa `pm.max_children`, na kila mmoja hutumia MB 60. Hiyo ni MB 3,000. Seva ina GB 2. Siku za wateja wachache hakuna tatizo. Siku ya ofa au ya matokeo ya mtihani, michakato yote 50 huamka kwa pamoja, na MySQL inauawa. Punguza idadi hiyo hadi iingie kwenye RAM uliyonayo baada ya kuitengea hifadhidata fungu lake. Faili la swopu la GB 1 au 2 litakupa pumzi, ila halitaifidia hesabu mbovu.

Hesabu kama hiyo inahusu pia miunganisho ya hifadhidata. MySQL huja ikiwa imeruhusu miunganisho 151, PostgreSQL 100. Ukipata kosa la `Too many connections`, usikimbilie kuongeza namba. Tazama nani ameshikilia, kwa `SHOW PROCESSLIST` kwenye MySQL au `pg_stat_activity` kwenye PostgreSQL. Utakuta ama programu inafungua miunganisho bila kuifunga, ama ulizo moja zito linawachelewesha wengine wote. Ulizo hilo litangulizie neno `EXPLAIN`. Likikuonyesha kwamba linapekua jedwali zima kutafuta rekodi moja, kinachokosekana ni faharasa.

Huduma isiyowaka

Soma `systemctl status` na jina la huduma, kisha `journalctl -u` na jina hilo, `-n 50`. Mistari ya mwisho karibu kila mara ina sababu. Ukiona `status=203/EXEC`, systemd imeshindwa kuliendesha faili lenyewe: njia imekosewa, faili halina ruhusa ya kuendeshwa, au skripti iliandikwa kwenye Windows na kila mstari una alama ya ziada mwishoni. Hiyo ya mwisho iondoe kwa `dos2unix`. Ukiona `217/USER`, mtumiaji uliyemtaja hayupo kwenye seva.

Ukikuta `Address already in use`, poti imeshakaliwa. `sudo ss -tlnp` itakuambia na nani. Kwenye seva mpya mara nyingi ni Apache iliyokuja na kifurushi fulani, imekalia poti 80 kabla ya Nginx.

Kwenye `Permission denied`, mkono usikimbilie `chmod 777`. Amri hiyo inampa kila mtumiaji wa seva haki ya kuandika, akiwemo mvamizi aliyeingia kupitia programu yako. Tumia `namei -l` pamoja na njia nzima ya faili. Itakuonyesha ruhusa za kila saraka kuanzia `/` hadi faili lenyewe, na mara nyingi utaona kwamba faili liko sawa, bali saraka moja ya katikati ndiyo iliyofungwa. Kwa funguo za SSH mambo ni kinyume: ruhusa zikiwa wazi mno, SSH yenyewe inakataa. Saraka ya `.ssh` iwe 700, na funguo ya siri 600.

Kila unapobadili mipangilio, ijaribu kabla ya kuitumia: `nginx -t` kwa Nginx, `sshd -t` kwa SSH, `visudo` kwa sudo. Baada ya hapo tumia `systemctl reload` badala ya `restart`. Na ukibadili mipangilio ya SSH au ukuta wa moto, usifunge dirisha ulilo nalo mpaka umeingia upya kwa dirisha la pili. Kujifungia nje ya seva iliyo nchi nyingine kunauma.

Kwa wenye seva za ofisini, umeme ukikatika na kurudi, huduma fulani hairudi. Iliwashwa kwa `systemctl start` lakini haikuambiwa iwake yenyewe. Kagua kwa `systemctl is-enabled`, rekebisha kwa `systemctl enable`. Kama una diski ya nje kwenye `/etc/fstab`, iongezee `nofail`. La sivyo siku isipochomekwa seva inaweza kukwama katikati ya kuwaka.

Cheti kilichoisha muda

Let's Encrypt ilileta vyeti vya bure vya HTTPS mwaka 2015, vya siku 90. Hadi Juni 2025 ilikuwa ikituma barua pepe za kukumbusha; sasa haitumi. Na muda unafupishwa: kwa makubaliano ya watoa vyeti na makampuni ya vivinjari, kufikia Machi 2029 cheti cha umma hakitazidi siku 47. Kuhuisha kwa mkono kumekwisha.

Jaribu `certbot renew --dry-run` leo. Kisha kagua mambo mawili. La kwanza, ikishindwa, huenda kuna aliyefunga poti 80 akidhani HTTPS haiihitaji. Njia ya kawaida ya uhakiki hupitia poti hiyohiyo. La pili, hata ikifaulu, cheti kinaweza kuhuishwa kwenye diski huku Nginx bado imeshika cha zamani kwenye RAM. Ongeza `--deploy-hook "systemctl reload nginx"`, nalo limekwisha.

Saa mbili ipi?

Seva nyingi za kukodi huja na saa ya UTC. Kenya, Tanzania na Uganda ziko saa 3 mbele; Rwanda, Burundi na Lubumbashi saa 2; Kinshasa saa 1; Oman saa 4. Ukiandika kwenye cron `0 2 * * *` ukidhani bakapu itaanza saa nane usiku, kwa mtu wa Mwanza itaanza saa kumi na moja alfajiri, watu wakiwa wanaanza kazi. Kagua saa ya seva kwa `timedatectl`.

Athari kubwa iko kwenye ripoti. Mfumo unaofunga siku kwa UTC hufunga saa tisa usiku ya Dar es Salaam. Mauzo ya baada ya saa sita usiku hadi saa tisa huingia siku iliyotangulia, na mhasibu hatapata ulinganifu kamwe. Hifadhi muda kwa UTC, lakini ugeuze kwa `Africa/Dar_es_Salaam` au `Africa/Nairobi` kabla ya kukata siku. Nchi zetu za Afrika Mashariki hazisogezi saa mbele na nyuma kwa majira, kwa hiyo hesabu hii haibadiliki katikati ya mwaka.

Na mtumiaji anaposema "mfumo ulikwama saa mbili", logi unazitafuta saa 08:00, au saa 20:00 kama ilikuwa usiku, kisha unatoa saa 3 za UTC. Kwenye taarifa zenu andikeni 08:00 EAT (saa za Afrika Mashariki), kusiwe na wa kubahatisha.

Cron ina mitego yake. Haiijui njia ya amri zako kama terminali inavyoijua, kwa hiyo andika njia kamili, mathalani `/usr/local/bin/`. Alama ya `%` ndani ya crontab lazima itanguliwe na `\`, la sivyo amri inakatika hapo. Malizia kila mstari kwa `>> /var/log/kazi.log 2>&1` ili kosa lisipotee hewani. Kazi inayoweza kuchukua muda mrefu ianze na `flock -n`, isije ikajirundika juu ya nyingine ambayo haijaisha.

"Kwangu inafanya kazi"

Upande wa watengenezaji wa programu, sentensi hii ndiyo inayotangulia ugomvi. Badala ya kubishana, linganisha mazingira. Windows na macOS, kwa kawaida yake, hazitofautishi `Picha.JPG` na `picha.jpg`, Linux inatofautisha. Toleo la PHP au Node.js la kwenye kompyuta yako si la kwenye seva. Kigeu kilicho kwenye faili lako la `.env` hakijawekwa kule. Mambo haya matatu yanaeleza visa vingi.

Kama jambo lilikuwa likifanya kazi mwezi uliopita na sasa halifanyi, usisome msimbo wote. `git bisect` inagawa historia nusu kwa nusu: unaiambia lini ilikuwa nzima, lini ni mbovu, nayo inakuletea badiliko la katikati ujaribu. Mabadiliko 1,000 yanaisha kwa majaribio kama 10. Ukilipata badiliko lenye kosa na limeshasambazwa kwa wenzako, liondoe kwa `git revert`, kwa sababu `reset` huvuruga historia waliyonayo. Na ukidhani umepoteza kazi yako, angalia `git reflog` kabla ya kulia. Ulichokwisha kukisajili kwa `git commit` hakipotei siku hiyohiyo.

Funguo ya siri au nywila ikishapandishwa kwenye hazina ya umma, kulifuta faili hakusaidii, historia inayo. Badilisha funguo yenyewe kwanza, usafi wa historia baadaye.

Kwa wanaounganisha malipo ya simu: taarifa ya malipo kutoka kwa mtoa huduma inaweza kufika mara mbili, au kuchelewa, au kufika seva yako ikiwa imeanguka. Namba ya muamala iwekee sharti la `UNIQUE` kwenye hifadhidata, ili taarifa ya pili igonge mwamba badala ya kumwongezea mteja salio mara ya pili. Na uwe na kazi ya kila siku inayolinganisha kumbukumbu zako na za mtoa huduma.

Bakapu isiyojaribiwa

Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa GitLab, huduma ya kutunza hazina za Git, akihangaika usiku na tatizo la hifadhidata, alikusudia kufuta saraka ya data kwenye seva ya akiba. Amri akaipiga kwenye seva kuu. Alipoikatiza sekunde chache baadaye, kati ya takriban GB 300 zilikuwa zimebaki GB 4.5. Wakageukia bakapu. Zile za `pg_dump` hazikuwepo: programu iliyozitengeneza ilikuwa ya PostgreSQL 9.2 wakati hifadhidata ilikuwa 9.6, hivyo zilikuwa zikishindwa kila siku. Barua pepe za kuonya juu ya kushindwa huko zilikuwa zikikataliwa na mfumo wa barua. Kilichowaokoa ni nakala ya diski iliyopigwa kwa mkono saa 6 kabla, kwa shughuli nyingine. Data ya saa hizo 6 ilipotea.

GitLab walieleza yote hadharani, na kwa hilo wanastahili shukrani. Kila fundi ana somo la kuchukua pale. Bakapu iliyo kwenye diski ileile ya seva haihesabiki. Weka nakala 3, kwenye vyombo 2 tofauti, 1 ikiwa mbali na jengo. Mara moja kwa mwezi irejeshe kwenye seva ya majaribio, uhesabu rekodi, utazame muamala wa mwisho ni wa lini. Onyo lisikusubiri ulisome kwenye barua pepe tu: bakapu ya jana ikikosekana au ikiwa ndogo kuliko kawaida, simu yako ilie. Tena, ipe terminali ya seva kuu rangi yake, nyekundu kwa mfano, ili macho yakushtue kabla ya kidole.

Daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kila tukio liandikie mistari sita: saa, dalili, ulichokiona kwenye amri zile tano, chanzo, tiba, na kinga. Usiandike jina la aliyekosea. Mtu akiogopa kuandikwa ataficha, na mkificha mtarudia. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja na uandike ulichobadili. Ukibadili vitano kwa pamoja na mfumo ukarudi, hujui kilichoponya, wala hujui vinne ulivyoviharibu.

Baada ya miezi michache daftari hilo litakuonyesha jambo ambalo kozi haikuonyeshi: seva yako haina matatizo mengi, ina matatizo machache yanayojirudia. Hayo ndiyo ya kuyamaliza.

Anza na mambo matatu wiki hii. Rejesha bakapu moja mpaka uione data kwa macho yako. Jaribu kuhuisha cheti. Weka onyo la diski ikifika asilimia 80. Na simu itakapolia tena, piga zile amri tano kwanza; kuzima na kuwasha utakuta bado kupo, kama kutahitajika.